Pikipiki ya Nyuma ya Sakristia

Vijana wa Vitshumbi wanakikumbuka kikao cha mwezi wa pili. Ninyi wa parokia nyingine nitawasimulia. Hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa fupi: pikipiki kuukuu iliyolala nyuma ya sakristia iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha itakayopatikana inunue mipira miwili na jezi. Mikono iliyoinuliwa kukubali ilikuwa mingi hata mwandishi wa kikao hakuona haja ya kuihesabu. Nilikataa peke yangu. Kwa kuwa ndimi mwenye mvi katikati yenu, mlinistahi, mkaliahirisha jambo, na nilipokuwa nikitoka nilimsikia mmoja wenu akisema kwa sauti ya chini kwamba mwalimu amezoea kutunza vitu vya marehemu. Huenda. Sababu zangu sikuzitoa siku ile kwa kuwa nilikuwa bado sijazipanga. Ninazitoa sasa.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha AG100. Wazazi wenu waliifahamu vizuri kuliko ninyi, kwa maana miaka ile wauguzi wa chanjo, mapadri na mabwana shamba wa Kivu yetu walisafiri juu ya pikipiki za namna hiyo. Herufi AG zinatokana na neno la kilimo: iliundwa kwa ajili ya watu wa mashamba na mifugo. Mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya sanduku ili matope yasiufikie, ina miguu ya kusimamia kuume na kushoto, na vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma. Wakristo wa kigango chetu waliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa ajili ya katekista aliyenitangulia, naye kwa miaka mingi aliiendesha hadi Rwindi na kuupanda mlima wa Kanyabayonga, akikatiza mbuga ambamo tembo hawajali nani ana haraka. Alipofariki, iliegeshwa. Kwa miaka 11 kuku walitagia chini ya kiti chake.

Walioleta hoja hawakuwa wajinga, nami sitaki kuwadhalilisha ili maneno yangu yang'ae. Pikipiki za Boxer na TVS zitokazo India, ambazo zimejaa barabara zote kutoka Goma hadi Butembo, ni za mapigo manne. Zinakunywa esansi kidogo, hazihitaji kuchanganyiwa mafuta, na vipuri vyake unavipata hata kwa muuza sabuni. Mtu akiniuliza leo anunue pikipiki gani ya kubebea abiria au samaki, nitamwambia anunue mojawapo ya hizo, wala sitasita. Sisi tunaozeeka tuna udhaifu wa kudhani kwamba vitu vya ujana wetu vilikuwa imara kuliko vya leo. Vingi havikuwa. Sikuikataa kura yenu kwa kupenda mambo ya kale.

Niliikataa kwa sababu ya kitu kinachoonekana kila alfajiri ufukoni kwetu. Mitumbwi inaporudi na nyavu, na korongo marabu wakiisubiri kama wadai wa madeni, tazameni nyuma ya kila mtumbwi. Motere zinazoning'inia pale karibu zote ni za mapigo mawili, zile mafundi wetu huziita de-tan. Tazameni tena nembo. Nyingi zina duara lenye vyuma vitatu vilivyopishana, navyo ni vile vyuma vya umbo la uma ambavyo wapiga vinanda huvitumia kutafuta sauti iliyo sawa, kwa kuwa Yamaha ilikuwa kampuni ya vinanda kabla ya kuwa ya injini. Pikipiki yao ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, waliiunda baada ya kuichukua pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, wakaifungua na kuisoma kipande kwa kipande. Wala si wao tu: Waingereza, Warusi na Wamarekani, waliokuwa wameshinda vita mwaka 1945, nao waliinakili ile ile. Mwaka 1960 Yamaha walitoa motere yao ya kwanza ya chombo cha majini, nayo ikawa ya mapigo mawili. Kwa hiyo kile kilicholala nyuma ya sakristia na kile kinachowapeleka baba zenu ziwani usiku ni ndugu wa ukoo mmoja. Mlitaka kukiuza kwa kilo kitabu pekee tulichokuwa nacho cha kusomea injini hizo, kitabu ambacho msomaji wake akikosea hazami.

Neno hilo la kuzama sikuliandika kwa kupamba.

Miaka kadhaa iliyopita vijana wawili walitoka na mtumbwi jioni, na asubuhi mtumbwi ukapatikana bila watu. Usiku ule upepo ulikuwa mkali. Mwenye mtumbwi aliipeleka motere kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza motere za hapa kwa zaidi ya miaka 30. Mzee akafungua buji, ile ambayo Waswahili wa pwani huiita plagi, akaikuta imelowa mafuta meusi kama lami. Akaweka nyingine. Akavuta kamba mara mbili, injini ikalia. Hakuna kingine kilichokuwa kimeharibika. Mafuta yaliyochanganywa katika esansi yalizidi, nao walitembea polepole saa nyingi wakitandaza nyavu, na injini ya namna hii ikienda polepole kwa muda mrefu na mafuta mengi, buji huziba. Ndani ya kisanduku chini ya kiti cha mtumbwi kulikuwa na buji mpya, bado imo katika karatasi yake. Ufunguo wa kuifungulia haukuwamo.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha somo la teknolojia katika mwaka wa pili wa sekondari, na swali la injini alilijibu vizuri hata nikampa 16 juu ya 20. Alikuwa amechora pistoni, silinda na mishale ya kuonyesha hewa inakopita, sawasawa na nilivyochora ubaoni. Mimi nilichora kutoka katika daftari nililoliandika chuoni, na mwalimu wangu wa chuoni, nadhani, alichora kutoka katika daftari lake. Katika mfululizo huo wote sina hakika kama kuna aliyewahi kuishika pistoni kwa mkono. Mimi sikuwahi, hadi mwaka huu, nikiwa nimepita umri wa miaka 50.

Sasa mnajua kwa nini sikuweza kutoa sababu zangu katika kikao.

Nilimwendea mzee fundi, nikamwomba atusimamie. Akauliza, "Mwalimu, unataka pikipiki itembee au unataka vijana wajue?" Nikamwambia vyote viwili. Akasema hiyo itachukua muda mara tatu, na akaweka sharti moja: yeye hatashika ufunguo wowote. Atakaa juu ya kiti, atazame, na aseme. Tulianza vijana tisa pamoja nami baada ya Pasaka, kila Jumamosi saa nane mchana. Ilipofika mwezi wa saba walibaki watatu. Siwalaumu walioondoka, kazi ya kusugua masizi kwa wembe haina sifa wala picha ya kupeleka kwenye simu.

Pistoni ilikuwa imeganda. Kiki haikushuka hata nukta. Kijana mmoja mwenye nguvu alitaka kuiruka kwa miguu miwili, na mzee akamwambia kwamba akiruka hivyo atavunja meno ya ndani, na hayo hayauzwi tena. Tulifungua buji, tukamimina ndani mazuti yaliyochanganywa na mafuta ya injini, tukaacha juma zima. Jumamosi ya pili haikusogea. Ya tatu, tulipoliweka gia na kulisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma polepole, ilisogea upana wa ukucha. Nimefundisha miaka mingi, lakini sijawahi kuona darasa likishangilia upana wa ukucha.

Tangi lilijaa kutu. Tulitia kokoto safi na maji ya sabuni, vijana wakapokezana kulitikisa kama kayamba hadi maji yakatoka bila wekundu. Kabureta tuliifungua juu ya sinia jeupe ili skrubu ndogo zisipotee, na ule mrija mwembamba wa shaba tukauzibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Mzee alikataza sindano ya chuma, kwa kuwa tundu lile likipanuka kidogo tu, kipimo cha esansi hakirudi tena. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa na masizi ya miaka. Hilo tuliliweka katika moto wa kuni hadi masizi ya ndani yakaungua, kisha tukaligonga, na yakatoka makapi meusi ya kujaza bakuli. Hayo yote yalituchukua majuma sita, na yote yalikuwa kazi ya mikono tu.

Kosa la kwanza kubwa nililifanya mimi. Segma, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zilikuwa zimechakaa, tukaagiza nyingine. Katika injini ya mapigo mawili ukuta wa silinda una madirisha, na ncha za segma zikizunguka zikaangukia dirishani zitanaswa na kuvunjika; ndiyo maana katika kila mfereji wa pistoni kuna kipini kidogo ambacho ncha mbili za segma lazima zikikumbatie. Juu ya pistoni kuna mshale, nao lazima uelekee upande moshi unakotokea. Mshale niliuona. Kipini sikukiona, kwa kuwa sikuvaa miwani, na sikuivaa kwa kuwa sikutaka vijana waone kwamba nahitaji miwani. Nikasukuma. Tulisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mzee hakusema neno. Segma nyingine niliilipa kwa fedha yangu, nayo ilichukua majuma matatu kufika, kwa sababu barabara ya kutoka Goma ilikuwa imefungwa tena. Katika miaka hii ya vita barabara hiyo imefungwa na kufunguliwa mara nyingi hata tumeacha kuuliza sababu.

Mwisho wa mwezi wa sita ililia. Mara ya nne ya kiki, moshi wa buluu, na kelele ambayo wazee waliitambua kutoka majumbani mwao. Watu walikuja. Mama mmoja alipiga vigelegele. Lakini baada ya dakika moja injini ilianza kupandisha mlio yenyewe, bila mtu kugusa gesi, ikizidi na kuzidi kama mtu anayepandwa na homa, na mzee akapaza sauti: "Zima! Zimeni upesi!"

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo daftari langu halikuwahi kulisema. Katika injini ya mapigo manne, pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili ili kupata mlipuko mmoja. Katika ile ya mapigo mawili, kila pistoni inaposhuka inasukumwa na mlipuko. Haina vali za kufunguka na kufunga kama zile za mapigo manne. Pistoni yenyewe, ikipita, hufungua na kufunga madirisha ya silinda. Na hewa iliyochanganyika na esansi haiendi moja kwa moja juu ya pistoni. Huingia kwanza chini, katika tumbo la injini, mahali mhimili mkuu unapozunguka. Pistoni inaposhuka hulibana tumbo hilo, na mchanganyiko husukumwa juu kupitia mifereji ya ubavuni. Tumbo ndilo pafu lake. Ndiyo sababu mafuta hayawezi kukaa humo kama yanavyokaa katika Boxer. Ni lazima yaje pamoja na esansi, yalainishe njiani, kisha yaungue na kutoka kama moshi.

Pafu likitoboka, mgonjwa hahemi sawasawa hata ukimsafisha pua na mdomo. Kuume na kushoto, mahali mhimili unapotokeza nje ya tumbo, kuna pete ya mpira inayouzunguka ili hewa isipite. Mafundi huiita spi. Miaka 11 ya jua na baridi iliukausha mpira huo. Upande wa sumaku, hewa iliingia bila kukaribishwa, mchanganyiko ukawa na esansi haba, na injini ikakimbia kwa njaa. Mzee alisema tungeiacha dakika tano zaidi, pistoni ingeyeyuka pembeni na kuganda tena, safari hii bila dawa.

Kijana mmoja akauliza swali zuri: "Baba, tutajuaje kwamba ni spi na si kitu kingine?" Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Aliwaelekeza wazibe mlango wa hewa na mlango wa moshi kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, wapitishe bomba dogo mahali pa buji, wapige hewa kwa pampu ya baiskeli, polepole, na kupaka povu la sabuni kila mahali penye kiungo. Povu lilikaa kimya pande zote. Nyuma ya gurudumu la sumaku likaanza kuchemka kama uji. Sisi sote tuliinama kulitazama. Tulikuwa tumebadilisha buji mbili, tumesafisha kabureta mara tatu, tumelaumu esansi ya kadafi wa barabarani, na kumbe ugonjwa ulikaa mahali tusipopaona, katika kipande cha mpira cha bei ya chupa moja ya soda.

Spi hiyo ilitafutwa Goma, mtaa wa Birere, na kijana aliyekwenda huko kwa shughuli nyingine. Duka la kwanza walimwambia: "Spi ya AG100? Hiyo ni ya zamani, nunua Boxer." La pili hivyo hivyo, na la tatu. Jioni alitupigia simu akiwa amekata tamaa. Mzee akamwuliza, "Ya zamani unayo mfukoni? Isafishe uso wake kwa kidole, unisomee." Juu ya kila spi huchapwa namba tatu: upana wa tundu la ndani, upana wa nje, na unene, zote kwa milimita. Ukiona 20, 30, 7, basi mhimili wake ni wa milimita 20, nyumba yake ni ya 30, na unene ni 7. Kesho yake kijana hakuulizia tena spi ya pikipiki. Alipeleka namba tatu kwa muuza vipuri vya mashine za kusaga, na muuzaji akatoa boksi lililojaa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Maduka matatu yalimjibu kweli: spi yenye jina la pikipiki hiyo hawakuwa nayo. Jina ni la mwuzaji, namba ni ya kitu chenyewe, na kijana aliyejua jina peke yake alikuwa karibu kurudi mikono mitupu kutoka katika mji wenye spi za kutosha kuziba injini zote za ziwa letu. Ninyi mnajua majina ya pikipiki kuliko mimi. Mnajua ipi ni ya mwaka gani, ipi inakwenda mbio, ipi amepanda mwanamuziki gani. Hayo ni maarifa ya mnunuzi, na mnunuzi asiye na fedha hana kitu.

Naomba pia niseme neno kuhusu mafuta, maana humo ndimo yalimoanzia maafa niliyoyataja. Pampu ya kugawa mafuta ya AG100 yetu ilikuwa imekufa, hivyo tunachanganya kwa mkono kama wavuvi. Wavuvi wetu wengi humimina kwa macho: kidogo hivi, na kidogo tena kwa kuipenda injini. Vitabu vya motere nyingi huagiza sehemu 50 za esansi kwa sehemu moja ya mafuta, isipokuwa injini ikiwa mpya. Injini za zamani sana hutaka hata sehemu 20 kwa moja. Bomba la sindano la mililita 10, jipya, lisilo na sindano, mnalipata katika duka lolote la dawa. Mara mbili kwa kila lita moja ya esansi, hapo una moja kwa 50. Mara tano, una moja kwa 20. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuihesabu hesabu hiyo, na usiku ule hakuna aliyeihesabu.

Wapo watakaosema kwamba injini hizi ni chafu, na kwamba sisi tunaoishi ndani ya mbuga hatupaswi kuzisifu. Wana haki. Kwa kuwa madirisha ya kuingiza na kutoa hukaa wazi pamoja kwa kitambo, sehemu ya esansi hutoka bila kuungua, na katika motere ya mtumbwi inatokea majini. Ziwa hili limo katika Mbuga ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, nasi wa Vitshumbi, pamoja na wa Kyavinyonge na Nyakakoma, tunavua kwa ruhusa maalumu upande huu wa Kongo. Samaki tunayemvulia kwa injini hiyo ndiye anayeyanywa maji hayo. Siku mitumbwi yetu itakapopata motere za mapigo manne kwa bei ambayo mvuvi anaiweza, nitafurahi kuziona de-tan zikiondoka. Siku hiyo haijafika. Kwa sasa, motere iliyopimiwa mafuta vizuri na yenye spi nzima hutoa moshi mchache kuliko ile iliyoachwa kwa bahati, na hilo tunaliweza leo.

Tena ziwa lina mpaka usioonekana. Motere ikizimika usiku na upepo ukiwa wa kwenda mashariki, mvuvi anaweza kuamkia maji ya Uganda, na huko hakuna anayemwuliza buji yake ilikuwaje. Wenzetu wamewahi kukamatwa na kufungwa. Mwaka 2018 wanajeshi wa nchi hizi mbili walipigana risasi juu ya maji haya haya. Mtu anayejua kukausha buji gizani, kwa kupapasa, ana jambo moja pungufu la kumpeleka huko.

Gharama, kwa kuwa mtauliza: dola 71, bila kuhesabu segma niliyoivunja. Mzee alikataa malipo, akakubali kilo mbili za sukari. Chuma chakavu kingetupatia kiasi kidogo sana, labda mpira mmoja wa miguu na nusu ya jezi. Wanaopenda hesabu watasema bado tumepata hasara, na kwa fedha peke yake hesabu yao ni sahihi. Jezi bado ni deni letu kwenu, nami sijalisahau.

Pikipiki inatembea. Taa ya mbele haiwaki, kipimo cha mwendo kimekufa, na breki ya nyuma inataka mguu wa imani. Nimeiendesha hadi Rwindi na kurudi mara nne. Mara ya tatu ilizimika katikati ya mbuga, kundi la tembo likiwa mbali upande wa kushoto. Mikono yangu ilitetemeka, lakini ilijua pa kwenda: buji, kitambaa, kiki. Ilinichukua dakika sita. Nilizihesabu baadaye, kwa sababu wakati ule sikutazama saa.

Wale vijana watatu waliobaki wameanza jambo ambalo sikuwafundisha. Kwa mbao za masanduku ya sabuni wanatengeneza visanduku vidogo vya kuwekwa katika mitumbwi: ufunguo wa buji, buji mbili zilizofungwa katika plastiki, kipande cha msasa, kitambaa kikavu, kamba ya akiba ya kuvutia motere, na bomba la sindano. Wametoa tisa hadi sasa. Kila anayepokea lazima kwanza afungue buji na kuirudisha akiwa amefumba macho, mbele yao. Mwenye mtumbwi mmoja, mtu mzima wa umri wangu, alikasirika kuambiwa hivyo na vijana, kisha akafumba macho akajaribu, na ilimchukua mara tatu.

Juma lililopita mama wa yule mwanafunzi wangu alipita tulipokuwa tunafanya kazi. Alisimama kivulini kwa muda, akatazama mikono ya vijana, hakusema kitu kuhusu injini. Kisha akaniuliza kama tunampokea na mdogo wake marehemu, ambaye sasa ana miaka 14. Nikamjibu kwamba aje Jumamosi saa nane, na avae nguo asiyoipenda.